Sanaa kwa anayeishi na ugonjwa wa akili: kazi kubwa ni arudi wiki ijayo

Ndugu wengi wakisikia kuna kikundi cha sanaa kwa watu wenye ugonjwa wa akili, hudhani ni mahali pa kupoteza muda, au ni tiba mpya itakayomwondolea mgonjwa vidonge. Sivyo. Dawa za skizofrenia, mojawapo ya magonjwa hayo, hupunguza sauti ambazo mtu huzisikia peke yake na hofu ya kufuatwa. Lakini mara nyingi hubaki jambo linaloiumiza familia zaidi: mtu ametulia, ila haongei, hatoki, hana hamu ya lolote. Mtaani anaitwa mvivu. Ule si uvivu, ni sehemu ya ugonjwa, na hapo ndipo sanaa ina nafasi yake. Dawa ziendelee vilevile.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na faida zilionekana nyingi. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2012, wenye watu 417 wanaoishi na skizofrenia, haukuona tofauti kati ya waliopangiwa vikundi vya uchoraji na waliobaki na matibabu ya kawaida. Mahudhurio yalikuwa hafifu, na wengine hawakufika hata mara moja. Hatuwezi kusema kwamba wangefika wangepata nafuu, ila ni wazi kwamba sanaa haiwezi kumsaidia asiyekuwepo. Kwa hiyo ushauri wetu mwingi unahusu namna ya kumfanya mtu aje, na aje tena.

Chagueni siku moja ya wiki, saa ileile, na isiwe siku ya kliniki, maana foleni ya dawa humchosha mtu. Kwa Dar es Salaam, saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi panafaa: usingizi wa dawa za usiku umepungua, na daladala hazijajaa sana. Kama kuna mfadhili, fedha ya kwanza iende kwenye nauli, brashi zifuate. Washiriki 6 hadi 10 wanatosha, na wawezeshaji wawe 2: msanii mmoja, na mwingine anayeujua ugonjwa, kama muuguzi wa afya ya akili.

Mwezeshaji azijue dawa za washiriki. Haloperidol, na sindano ya fluphenazine inayochomwa karibu kila mwezi, huweza kutetemesha mikono na kukakamaza misuli. Mpe mtu huyo brashi nene ya inchi moja badala ya penseli, na ubandike karatasi kwenye meza pembe zote nne kwa selotepu. Mwingine hawezi kukaa, miguu inataka kutembea muda wote. Huo si utundu, huenda ni dawa. Achore amesimama, na amweleze daktari kwa sababu hali hiyo ina tiba. Chlorpromazine hufanya ngozi iungue upesi juani, basi kaeni kivulini. Anayetumia lithium akipoteza maji mengi kwa jasho, dawa huweza kuzidi mwilini hadi kuwa sumu. Joto la Februari mnalijua, kwa hiyo maji ya kunywa na vikombe visikosekane.

Karatasi tupu humtisha mtu aliyekaa miezi bila kufanya lolote. Mtindo wa tingatinga, uliozaliwa hapahapa Dar miaka ya 1960, unatusaidia: kwanza hupakwa rangi ya nyuma, huachwa ikauke, ndipo ndege au mnyama huchorwa juu yake. Kateni hadibodi vipande vya sentimita 30 kwa 30 na mlainishe kingo kwa msasa. Wiki ya kwanza kila mmoja apake mikono miwili (yaani tabaka mbili) ya rangi ya nyuma, basi. Ya pili achore umbo kwa chaki, ya tatu ajaze rangi, ya nne aweke vidoa na mistari. Kibao ambacho hakijaisha humpa mtu sababu ya kurudi.

Mafundi wa tingatinga hutumia rangi ya mafuta. Kwenye kikundi tumieni rangi ya maji ya ukutani, kwani harufu ya tina, kimiminika cha kuzimulia rangi ya mafuta, chumbani huumiza kichwa, na ni mtego kwa aliyewahi kuvuta gundi au petroli. Lita moja hutosha vibao 40 hivi kwa mikono miwili. Wakati wa masika rangi huchelewa kukauka, na anayepaka juu ya rangi mbichi huichubua na kukata tamaa.

Kosa tunaloliona sana ni mwezeshaji kushika brashi na kumrekebishia mtu twiga wake. Usifanye hivyo kamwe. Wala usiulize picha ina maana gani. Uliza anataka rangi ipi ifuate.

Kwa ngoma, anzeni na makofi na nyimbo za kuitikiana. Mlio mkubwa kwenye chumba kidogo humzidia anayesikia sauti. Akae karibu na mlango, na awe huru kutoka bila kuomba ruhusa.

Mtu mwenye baipola, ugonjwa unaomfanya achangamke kupita kiasi na wakati mwingine azame kwenye huzuni, akichora picha kumi kwa saa moja, akiongea mfululizo na hajalala siku mbili, msimshangilie kuwa kipaji kimefunguka. Wajulisheni ndugu zake na kliniki siku hiyohiyo. Na akitamka kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, mpelekeni hospitali: Muhimbili, Amana, Temeke, Mwananyamala au iliyo karibu zaidi.

Asiyefika apigiwe simu siku hiyohiyo, kwa salamu na si kwa lawama. Kibao chake kisipewe mwingine.

Kuhusu picha za simu, msipige wala kurusha kwenye magrupu bila ridhaa ya mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kazi ikiuzwa, fedha ni za aliyeichora. Kama kikundi kinakata gharama ya rangi, kiwango hicho kikubaliwe na kuandikwa kabla kibao hakijapakwa rangi.