Je, Wajua? Kwa Nini Kipimo cha Jeni Hakiwezi Kukwambia Kama Binti Yako Atapata Endometriosisi

Watu wa Kisumu, Siaya na Busia hawahitaji somo refu kuhusu magonjwa ya kurithi. Selimundu imeshawafunza: baba akiwa na jeni moja yenye kasoro na mama moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Damu inapimwa, jibu linatoka. Ndiyo maana mama aliyeteswa na endometriosisi kwa miaka mingi akiuliza, "Daktari, si mumpime huyu msichana wangu jeni tujue mapema?" anauliza swali la maana kabisa. Ila ugonjwa huu haurithiwi kwa njia hiyo.

Katika endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo au kibofu, na mara chache kifuani. Njambi Koikai, mtangazaji na MC wa reggae aliyefariki Juni 2024, ndiye aliyewafanya Wakenya wengi walijue jina hili. Wake ulikuwa umefika kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwaga seli tumboni. Maelezo hayo bado yanatumika, lakini yana pengo: wanawake wengi mno damu yao hurudi hivyo, na wengi wao hawaugui. Kwa nini seli hizo zishike mizizi kwa mmoja na zife kwa mwingine? Hapo ndipo urithi unapoingia.

Tafiti za mapacha zilizofanyika Australia na Uswidi ziliukadiria mchango wa urithi kuwa karibu nusu. Takwimu hiyo husomwa vibaya kila mara. Haisemi kwamba binti wa mgonjwa ana asilimia 50 ya kuugua. Inasema kwamba ukiwatazama wanawake wote kwa jumla, karibu nusu ya tofauti kati yao katika kuelekea ugonjwa huu inatokana na jeni, na nusu iliyobaki inatokana na mambo mengine. Kwa binti wa mgonjwa, hatari iko juu kuliko ya msichana ambaye kwao hakuna mgonjwa. Nusu hiyo haikupi zaidi ya hapo.

Jeni zenyewe ni zipi? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha DNA ya wagonjwa 60,674 na watu 701,926 wasio na ugonjwa. Ulipata maeneo 42 kwenye DNA yanayohusika. Mengine yako karibu na WNT4, jeni inayoshiriki kujenga viungo vya uzazi mtoto akiwa bado tumboni. Mengine karibu na ESR1 na FSHB, zinazohusu homoni. Sehemu ya urithi huo inafanana na ule wa kipandauso na maumivu sugu ya mgongo, jambo linalosaidia kueleza kwa nini wagonjwa wengi huumwa sehemu nyingi. Lakini yaweke maeneo yote hayo pamoja, nayo yanaeleza karibu asilimia 5 tu ya tofauti kati ya wanawake. Kutoka 50 hadi 5, hilo ni shimo kubwa, na kipimo chochote cha jeni kinachouzwa leo kimesimama ukingoni mwake.

Vipimo hivyo hutoa alama ya hatari, yaani namba moja inayojumlisha hatari ndogondogo kutoka sehemu nyingi za DNA. Hivi ndivyo inavyotengenezwa. Unatema mate, kama mililita mbili, kwenye kichupa, baada ya nusu saa bila kula wala kunywa. Maabara inachuja DNA na kuisoma kwenye chipu, kifaa kinachokagua mamia ya maelfu ya sehemu za DNA, ambayo huandikwa kama herufi. Kwa kila sehemu inayohusika unahesabiwa nakala ngapi za herufi ya hatari unazo: sifuri, moja au mbili. Idadi hiyo inazidishwa kwa uzito uliotokana na tafiti kubwa, kisha vyote vinajumlishwa na jumla yako kulinganishwa na ya watu wengine.

Tufanye hesabu. Huko Denmark, alama ya namna hii ilijaribiwa kwa wagonjwa waliothibitishwa kwa upasuaji, na kila hatua moja ya kupanda (wanatakwimu huiita mkengeuko sanifu) ilizidisha uwiano wa wagonjwa kwa wazima kwa 1.59. Chukua msichana aliye hatua mbili juu ya wastani, mahali wanapofika wawili au watatu tu kati ya mia. Kwa kawaida wako wagonjwa 10 kwa wazima 90. Zidisha 10 kwa 1.59, kisha tena kwa 1.59: unapata karibu 25 kwa 90, yaani wagonjwa kama 22 kati ya 100. Huyo ndiye mwenye alama ya kutisha, na bado 78 kati ya 100 walio kama yeye hawataugua. Alama hiyohiyo ilipopelekwa kwenye data ya Uingereza, 1.59 ilishuka hadi 1.28, na hesabu yetu inateremka hadi kama 15 kati ya 100. Hapo bado tuko Ulaya kwa Ulaya.

Ukiileta kwetu, mambo yanaharibika zaidi. Wagonjwa wa ule utafiti wa 2023 walikuwa wenye asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Herufi inayosomwa kwenye chipu aghalabu siyo yenyewe inayoleta ugonjwa. Iko jirani tu na kasoro halisi, nazo hurithiwa pamoja. Ni kama kuelekezwa "shuka Kondele, ukiona kinyozi, nyumba ni ya pili," halafu uyatumie maelekezo hayo Nakuru: kinyozi utampata, nyumba siyo. DNA ya Waafrika ina historia ndefu na mchanganyiko mwingi, kwa hiyo vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi na ujirani huo huvunjika. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliohusu sifa mbalimbali za mwili ulionyesha usahihi wa alama za aina hii ukiwa chini karibu mara nne na nusu kwa wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu.

Na Magharibi mwa Kenya si watu wa aina moja. Mluo, Mluhya na Mkalenjin wananunua sukuma soko moja, ilhali asili zao za kijenetiki ni tofauti. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba Waluhya wa Webuye wamo katika Mradi wa Jenomu 1000, hazina ya DNA inayotumiwa na maabara za dunia nzima kukisia herufi ambazo chipu haikuzisoma. Lakini hazina hiyo haikukusanya habari za afya. Watu wa Webuye wanasaidia kusoma herufi. Hawakuulizwa kama waliumwa na hedhi.

Kuna kosa jingine lisilozungumzwa vya kutosha. Wanaohesabiwa kuwa "hawana ugonjwa" ni wale ambao hawajagunduliwa, na ugonjwa huu huchukua miaka mingi kugunduliwa. Wagonjwa wakijificha kwenye kundi la wazima, uzito wa kila jeni unapotoka.

Kwa sasa kifaa kizuri zaidi ni historia ya familia, mradi iulizwe vizuri. Usiulize, "Nani kwenu ana endometriosisi?" Bibi zetu hawakupewa jina hilo hospitalini. Uliza nani alikuwa akilala kitandani kila mwezi, nani alitafuta mtoto kwa miaka, nani alitolewa kizazi mapema na kwa sababu gani, nani aliambiwa ana uvimbe kwenye ovari. Uliza pia upande wa baba. Nusu ya DNA ya binti inatoka huko; baba hubeba hatari bila kuumwa, na shangazi anaweza kuwa ndiye dalili pekee. Kliniki nyingi huuliza habari za mama na kuishia hapo.

Msichana anayeumwa, mpe daftari. Kwa miezi mitatu aandike tarehe, maumivu kuanzia 0 hadi 10, dawa aliyomeza, siku alizokosa shule, na kama anaumwa akienda haja kubwa au ndogo. Aliye mkubwa aandike na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Kikohozi cha damu au maumivu ya kifua yanayokuja na hedhi hayasubiri daftari. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ibuprofeni hufanya kazi vizuri ikianza maumivu yanapoanza tu, kabla hayajakolea, baada ya chakula, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayoamshwa na dawa hizo. Isiposaidia kwa miezi mitatu, omba barua ya rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, iwe ni hospitali ya Jaramogi pale Kisumu (wengi huiita Russia), hospitali ya rufaa ya Nakuru (PGH ya zamani) au hospitali ya Moi ya Eldoret. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unakubali kuanza tiba ya homoni kwa dalili pekee, bila kungoja laparoskopi, yaani upasuaji mdogo wa kuchungulia tumboni kwa kamera. Skani ikitoka safi, usirudi nyumbani ukiamini yameisha: altrasaundi huona uvimbe wa ovari vizuri, lakini vidonda vidogo vya juujuu huipita.