Je, wajua? Kuvu inayoota kwenye moyo haitoki ukutani

Kuna jamaa yangu alizaliwa na tundu kwenye moyo, likazibwa utotoni, ukubwani akawekewa valvu ya bandia, kile kilango cha moyo kinachozuia damu isirudi nyuma. Alipotaka kupanga chumba Mji wa Kale mie ndiye niliyempinga, manake ukuta mzima ulikuwa koga na nilishasikia kuvu huweza kuota kwenye valvu. Nikaunganisha: ukuta, pua, moyo. Kumbe naropoka.

Kuvu inayoongoza hapo ni kandida, na hiyo haina haja ya ukuta, unayo tayari mdomoni na tumboni, ndiyo ileile inayotia weupe kwenye ulimi wa mtoto mchanga. Siku zote imetulia. Inapata mlango wa kuingia damuni mtu akilazwa muda mrefu na mpira wa dripu kwenye mshipa mkubwa, au akitumia antibayotiki mfululizo mpaka bakteria walioibana wakaisha, au akipasuliwa moyo, au akijidunga mihadarati. Sawa, ipo ya hewani, aspajilasi, lakini hata hiyo huwapata zaidi wenye kinga dhaifu na waliofanyiwa operesheni ya moyo. (Sisemi koga haina neno, waulize wenye pumu.)

Sasa kwa nini valvu? Chukua mtungi wa maji wa lita 20. Ukiwa mpya hakuna kinachoshika, ukishakwaruzika ndani utelezi unapata pa kukamata, na ukikamata suuza mara kumi, maji yatatoka safi na utelezi uko palepale mpaka utie kokoto utikise. Moyo nao ndani ni laini, ila penye kasoro ya kuzaliwa damu huweza kupita kwa kasi ikachubua, na kiraka au valvu ya bandia ni kitu kigeni. Kandida ikishika hapo inajifunika utando, dawa inapita juu kama maji ya kusuuza. Kokoto zenyewe ndio upasuaji: mara nyingi valvu hutolewa, halafu vidonge kwa muda mrefu, wengine maisha. Wapo waliopona kwa dawa tu, ila ugonjwa ni adimu, kama 1 au 2 katika kila maambukizi 100 ya valvu, kwa hivyo ushahidi ni wa kuokotaokota.

Kioja ni aspajilasi: inaweza kujaa kwenye valvu na damu ikipandwa maabara ili kuvu ionekane, isiote kitu.

Jamaa alienda kupanga kwingine, ghali zaidi. Kila mwisho wa mwezi hunikumbusha.