Kukua baada ya kiwewe hakulazimishwi

Wengi wakija kwangu mara ya kwanza huchagua kiti kilicho karibu na mlango. Siwahamishi. Aliyenusurika ajali au kushambuliwa anahitaji kwanza kuona kwamba njia ya kutokea iko wazi. Unasihi huanzia hapo, kwenye usalama, kabla hata kisa chenyewe hakijasimuliwa.

Ndugu na marafiki, kwa nia njema kabisa, humhimiza mtu aseme yote ili yaishe. Hayaishi hivyo. Kumtaka mtu asimulie tukio zima katika kikao kimoja mara tu baada ya kupatwa hakumkingi na madhara ya baadaye, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi njia hiyo.

Kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, hukaa mwilini pia. Amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayotambua hatari, huweza kubaki macho hata hatari ikishapita. Ndiyo maana mlango ukibamizwa aliyenusurika moyo humwenda mbio, viganja vikalowa jasho, na kwa dakika kadhaa anakuwa amerudi kule kule. Hapo simuulizi chochote kuhusu tukio. Namwomba akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ashushe pumzi polepole, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani. Mteja mmoja alitaja pazia, kalamu, saa, viatu vyangu, kisha akanyamaza. Alipofungua tena kinywa alisema, "Niko hapa." Kikao kikaendelea.

Hali ikidumu zaidi ya mwezi, jinamizi haliishi, mtu anakwepa kila kinachomkumbusha tukio, basi asisubiri ipite yenyewe.

Sasa huku kukua, yaani mabadiliko mema ambayo mtu huweza kuyapata katika kupambana na kiwewe. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, ndio walioipa hali hii jina katika miaka ya 1990. Mwaka 1996 walichapisha dodoso la vipengele 21 linaloipima katika maeneo matano: uhusiano na watu, fursa mpya, nguvu ya nafsi, maisha ya kiroho, na kuthamini uhai. Lakini kiini cha hoja yao ndicho kinachosahaulika: tukio halimkuzi mtu. Anakua kwa kuhangaika kuijenga upya imani yake kuhusu dunia, ile iliyobomoka siku hiyo. Mwanzoni mawazo humvamia bila hodi; baadaye, akipata utulivu na msikilizaji, huanza kuyaita mwenyewe na kuyapima. Hatua hiyo ya pili ndiyo ninayoisubiri, na siiharakishi. Kumwambia mtu mwenye jeraha bichi kwamba "kila jambo lina sababu yake" ni kumfunga mdomo.

Mwanamke mmoja aliwahi kuniambia kwa aibu kwamba miaka miwili imepita na bado hajakua, kana kwamba amefeli mtihani. Niliumia kusikia hivyo. Tukaanza kuzungumza juu ya wiki yake. Usiku bado hushtuka usingizini. Barabara lilipotokea tukio haipiti. Ila akishtuka, siku hizi humpigia dada yake simu, jambo ambalo zamani asingethubutu kwa kuogopa kuwa mzigo. Nikamuuliza lilianza lini. Alifikiri kwa muda mrefu, akahesabu miezi kwa vidole, akaanza kulia, safari hii bila kuuficha uso.

Hofu haijamtoka, na simu kwa dada yake anaipiga. Vyote viwili ni vyake, na vikao vyetu vinaendelea.