Kitambulisho kiunganishi ni nini?

Tazama mistari hii sita ya logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huziandika zenyewe kila jambo linapotokea. Ni duka la mtandaoni, na wateja wawili wanalipa kwa M-Pesa karibu kwa wakati mmoja:

10:42:07.118 ombi limepokelewa, 450
10:42:07.121 ombi limepokelewa, 450
10:42:07.640 limetumwa M-Pesa
10:42:07.655 limetumwa M-Pesa
10:42:31.902 limekatizwa, 1032
10:42:33.017 limelipwa

Sasa mmoja wao anapiga simu kuuliza mzigo wake uko wapi. Je, ni yeye aliyelipa au ni yule aliyekatiza? Logi haisemi. Saa haikusaidii, maana aliyetangulia kuingia si lazima atangulie kujibiwa. Kiasi nacho ni kilekile.

Kitambulisho kiunganishi ni msimbo wa kipekee unaotengenezwa mara tu ombi linapoingia, kisha ukaandikwa kwenye kila mstari wa logi unaolihusu ombi hilo, hata kama mstari umeandikwa na programu nyingine kwenye seva nyingine. Kwenye hifadhidata unakuwa na safu yake, na hadithi nzima ya ombi unaipata kwa swali moja:

SELECT * FROM logi WHERE ombi_id = '...' ORDER BY saa;

Wengi hukichanganya na namba ya mstari, ile 1, 2, 3 ambayo hifadhidata huitoa yenyewe. Namba ya mstari haitakiwi kujirudia kamwe. Kitambulisho kiunganishi, kinyume chake, kazi yake ni kujirudia: ni cha pekee kwa ombi, lakini mistari yote ya ombi hilo inakibeba.

Kitoke wapi, basi? Wazo la kwanza la karibu kila mtu ni kuiomba hifadhidata ihesabu. Tatizo ni kwamba mstari wa kwanza wa logi unaandikwa kabla hujaigusa hifadhidata, na siku hifadhidata ikilala, kosa lile unalolitafuta kwa hamu ndilo litakalokosa kitambulisho. Namba ya simu ya mteja je? Mteja mmoja hujaribu mara tatu kwa dakika tano, nawe utakuwa umemwaga taarifa zake binafsi kwenye logi yote, jambo ambalo sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, hazilichukulii kimzaha. Kuna pia wanaojitengenezea tarakimu sita za bahati nasibu. Milioni moja inaonekana nyingi, lakini ukifikisha maombi 1,200 hivi, uwezekano wa mawili kugongana umeshapita nusu.

Ndiyo maana watu hutumia UUID. Ni namba ya biti 128, inayoandikwa kwa tarakimu 32 za heksadesimali (0 hadi 9 na a hadi f) na vistari vinne. Katika toleo la 4, biti 6 hutumika kutaja toleo na aina, na 122 zilizobaki ni za bahati nasibu. Ukitengeneza bilioni moja kila sekunde, itakuchukua kama miaka 86 kufikia uwezekano wa nusu kwa nusu wa kugongana mara moja. Seva yoyote inaweza kujitengenezea bila kumuuliza mtu. Sharti ni kutumia chanzo imara cha bahati nasibu, kama gen_random_uuid() ya hifadhidata ya PostgreSQL, si kanuni uliyojitungia mwenyewe.

Toleo la 4 lina kero moja: halina mpangilio. Jedwali la logi hukua haraka, na kila kitambulisho kipya kinaangukia popote kwenye faharasa (orodha iliyopangwa ambayo hifadhidata hutafutia), hivyo hifadhidata inahangaika kufungua kurasa za huku na huko. Toleo la 7, lililowekwa kwenye kiwango cha RFC 9562 mwezi Mei 2024, linaanza na biti 48 za muda kwa milisekunde, kwa hiyo vipya hujipanga mwishoni. PostgreSQL 18 inalo tayari kwa jina la uuidv7(). Mimi kwa logi nachagua hili bila kusita. Na tafadhali tumia aina ya uuid, ambayo ni baiti 16, badala ya kuhifadhi maandishi ya herufi 36.

Kukitengeneza ni kazi ndogo. Kukibeba ndiko kunakowashinda wengi. Kati ya seva na seva kinasafiri kwenye kichwa cha ombi, na W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilishaweka kiwango chake mwaka 2020 kwa jina la traceparent. Uzi hukatika zaidi kwenye foleni: ombi linaacha kazi ya kutuma risiti baadaye, kazi inafanywa baada ya dakika kumi, na hakuna aliyekumbuka kukiweka kitambulisho ndani ya ujumbe.

Pengine unaongea na mfumo usiokijua kitambulisho chako kabisa. Ukiiomba M-Pesa imwonyeshe mteja dirisha la kuweka namba ya siri, inakujibu papo hapo kwa CheckoutRequestID yake. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, kwa mlango mwingine, yakiwa na CheckoutRequestID hiyohiyo. Kazi yako ni kuiandika mara moja kwenye mstari mmoja na kitambulisho chako, ili matokeo yakifika ujue ni ya nani. Usitegemee ule msimbo wa muamala ambao mteja huuona kwenye SMS: unakuja malipo yakifanikiwa tu. Mteja akikatiza unapata 1032, na msimbo haupo.

Akijaribu tena, mpe kitambulisho kipya. Namba ya oda inabaki ileile. Jaribio ni jingine.

Nikirudi kwenye logi yetu, nimeongeza herufi nane za mwisho za kila kitambulisho. Kwa toleo la 7 usifupishe kwa kuchukua nane za mwanzo: hizo ni saa tupu, na hubadilika kila baada ya sekunde 65 hivi, kwa hiyo wateja hawa wawili wangefanana.

10:42:07.118 9f3a61c2 ombi limepokelewa, 450
10:42:07.121 04be7d18 ombi limepokelewa, 450
10:42:07.640 04be7d18 limetumwa M-Pesa
10:42:07.655 9f3a61c2 limetumwa M-Pesa
10:42:31.902 9f3a61c2 limekatizwa, 1032
10:42:33.017 04be7d18 limelipwa

Aliyeingia wa kwanza alitumwa wa pili, na ndiye aliyekatiza.