Watumishi wakitengana, urafiki umekufa?

Katika makanisa yetu hapa Masasi, mwinjilisti akihamishwa au wachungaji wawili wakipishana, watu husema haraka: hawakuwa marafiki wa kweli. Hukumu hiyo si ya haki, na inawaumiza watumishi wengi.

Paulo na Barnaba walitengana kwa sababu ya Marko, ambaye Barnaba alitaka waende naye lakini Paulo akakataa (Matendo 15). Lakini katika 2 Timotheo 4:11, Paulo aliye kifungoni anaagiza aletewe huyohuyo Marko, maana anamfaa katika utumishi.

Hata historia ya Masasi inashuhudia. Wamisionari wa Kianglikana Chauncy Maples na William Percival Johnson walisoma pamoja Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wakaja Afrika mwaka 1876. Kisha Johnson akasonga kuelekea Ziwa Nyasa, Maples akabaki Masasi, ambako kituo chao cha misheni kilivamiwa mwaka 1882. Hakuna aliyemwacha mwenzake: mwaka 1886 Maples naye akahamia Likoma, kisiwa cha ziwa hilohilo. Mwaka 1895 alizama humo. Johnson, ambaye macho yake yalikuwa yameharibika vibaya, aliendelea kuhudumu kando ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1928.