Umeme tuli hauwezi kuinua matatu

Utasikia watu pale Kondele, Kisumu, wakisema kwamba matatu na barabara zikichajiwa umeme tuli (chaji zilizokusanyika bila kutiririka) wa kutosha, gari litaelea. Haliwezi, na kizuizi ni hewa yenyewe. Uga wa umeme, yaani msukumo ambao chaji huueneza kandokando yake, ukifikia takriban volti milioni 3 kwa mita, cheche huruka na chaji hupotea. Kwenye kikomo hicho, nguvu ni nyutoni 40 hivi kwa mita ya mraba, sawa na uzito wa kilo 4. Matatu ya tani 2 ingehitaji sakafu ya mita za mraba 500! Tena, mwanahisabati Mwingereza Samuel Earnshaw alionyesha mwaka 1842 kuwa chaji tuli pekee haziwezi kushikilia kitu kikatulia. Treni inayoelea ya Shanghai hutumia sumaku za umeme: uga wa sumaku wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku) hutoa nguvu mara 10,000 ya zile nyutoni 40 kwa mita ya mraba.