Je, wajua kwa nini mama angeweza kutoweka kijijini Ireland na jirani asiulize?

Tuam ni mji mdogo wa kaunti ya Galway, magharibi mwa Ireland, uliozungukwa na mashamba na vijiji vya wakulima. Zamani shule ya hapo ilikuwa na watoto waliofika dakika kumi baada ya wenzao na kuruhusiwa dakika kumi kabla yao, wasije wakachanganyika njiani. Walisikika kabla ya kuonekana, kwa buti zao zenye misumari zilizogonga barabara. Mwanafunzi mmoja, Catherine Corless, alimwona mwenzake akiwafanyia mzaha, naye akaiga: akakunja karatasi ya peremende isiyo na kitu ndani, akampa mmoja wa watoto hao. Jambo hilo lilimkaa moyoni mpaka utu uzima.

Watoto hao mama zao walikuwa wapi?

Watoto waliishi kwenye makao ya mama na mtoto yaliyoendeshwa na masista wa shirika la Bon Secours, kuanzia 1925 hadi 1961. Binti aliyeshika mimba kabla ya ndoa alipelekwa huko, akajifungua, akafanya kazi bila malipo mwaka mzima hivi, halafu akatolewa. Mtoto alibaki. Nyumbani ilisemwa binti amepata kazi Dublin, au yuko Uingereza kwa ndugu. Wengine walivuka bahari kweli na mimba zao, tena kwa wingi kiasi kwamba maofisa wa ustawi wa jamii huko Uingereza waliwapachika herufi tatu: P.F.I., kifupi cha Kiingereza "Pregnant From Ireland", yaani mjamzito kutoka Ireland. Na palikuwa na njia ya tatu, ya kimyakimya kuliko zote: bibi alimlea mjukuu kama mwanawe wa mwisho, na mama mzazi akaitwa dada ndani ya nyumba ileile.

Watu husema sababu ilikuwa dini. Ni kweli, lakini haitoshi. Waswahili tunasema kitanda hakizai haramu. Kule, kitanda kilizaa haramu na shamba likalipa. Baada ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852, wakulima waliacha kugawa ardhi kwa watoto wote. Mtoto mmoja wa kiume alirithi, na binti aliolewa kwa mali iliyotoka kwao kwenda kwa mume, baada ya washenga kupatana kuhusu ng'ombe, ekari na heshima ya ukoo. Waliobaki walihama nchi. Mimba ya binti mmoja iliweza kuharibu posa za dada zake wote. Ndiyo maana mara nyingi ni baba mzazi mwenyewe, akishauriana na paroko, aliyemfikisha binti yake mlangoni pa masista. Mwanamume aliyempa mimba aliendelea kukaa kijijini na kwenda misa kila Jumapili. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Serikali nayo ilishikilia kufuli. Kuuza vidhibiti mimba kulipigwa marufuku 1935. Posho ya mama asiyeolewa haikuwapo hadi 1973, kwa hiyo binti aliyetaka kukaa na mwanawe hakuwa na cha kumlisha. Kuasili mtoto kulihalalishwa kwa sheria ya 1952, na jina la mama likafichwa kwenye majalada. Wapo hata walioandikishwa kana kwamba walizaliwa na wazazi waliowachukua. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kesi 126 za namna hiyo kutoka kwa wakala mmoja tu wa kuasili. Mtu alikuwa na cheti halisi chenye muhuri halisi na mama wa uongo.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama mmoja wa Tuam, baada ya kutolewa makaoni, alitafuta kazi ya usafi katika hospitali ya mji huohuo, na kwa zaidi ya miaka mitano akawa anakwenda kugonga mlango wa masista kumwomba mwanawe. Kila mara alirudishwa. Mji mzima ulikuwa na macho.

Catherine Corless alipokuwa mtu mzima aligundua kwamba hata mama yake mwenyewe alizaliwa nje ya ndoa, na alifariki bila kumwambia. Akageukia historia ya makao yale. Alinunua vyeti vya vifo kwa msajili, kimoja baada ya kingine, kila kimoja euro 4, mpaka vikafika 796: watoto wachanga na wadogo waliofia makaoni. Akatafuta majina yao kwenye rekodi za makaburi ya jirani, na karibu yote hayakuwamo. Mwaka 2017 tume ya uchunguzi ilithibitisha mabaki ya watoto ndani ya vyumba vya chini ya ardhi, kwenye mfumo wa zamani wa majitaka. Ripoti yake ya mwisho, Januari 2021, ilihesabu akina mama wapatao 56,000 na watoto 57,000 waliopita katika taasisi 18 zilizochunguzwa. Watoto 9,000 hivi walikufa. Waziri Mkuu Micheál Martin aliomba radhi kwa niaba ya dola. Haki kamili ya mtu aliyeasiliwa kupata cheti chake cha kuzaliwa ilikuja kwa sheria ya 2022.

Mmoja kati ya wale 796 ni mtoto wa kike aliyekufa 1943 akiwa na miezi sita. Mama yake alikuwa ameshahamishiwa taasisi nyingine. Alikuwa anaanika nguo alipoletewa habari: mtoto wa dhambi yako amekufa. Baadaye alikwenda Uingereza, akazaa watoto wengine, akawalea, wala hakuwatajia dada yao. Alikuwa mzee, kitukuu chake kimezaliwa, machozi yalipomtoka na hatimaye akasema.

Uchimbaji wa eneo la Tuam ulianza Julai 2025. Ndugu wanatoa sampuli za vinasaba ili zilinganishwe na mifupa itakayopatikana, na wazee wamepewa nafasi ya kwanza.